Mvua ya Upande wa Mama Majura

Bugwema, Jumamosi mchana

Nyangeta mwanangu,

Ungekuwa umeshafika huko uendako, ningeanza kwa kukuuliza hali. Lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula viazi viwili ukaacha cha tatu, ukasema umeshiba, kumbe una haraka ya kwenda Butiama kumuaga bibi yako. Sasa nyumba iko kimya. Nimekaa mlangoni na daftari lako la zamani la jiografia, nimechana kurasa za nyuma ulizoziacha nyeupe. Usinune. Karatasi nyingine iliyomo humu ndani imefungia chumvi.

Mambo ya safari sikuandikii. Sanduku lifungwe kwa kamba gani, ukae upande gani wa basi, nani umwamini kwenye treni, hayo yote baba yako amekuhubiria tangu Jumapili mpaka mbuzi wameyajua. Mimi nina jambo moja tu. Jana nilikuita pale kwenye jiwe la kusagia nikuambie. Ukaja, ukasimama, ukaniangalia, nikaishia kukuuliza kama sketi imekauka. Ukanijibu imekauka tangu asubuhi. Ndiyo maana naandika.

Nianze na hili: mimi mama yako ni mtu wa wivu. Si wivu ule wa kutaniana kisimani. Ni wivu wenyewe, unalala nao na unaamka nao, na hata sasa ninaposhika kalamu ninao. Kesho utafikia Buhare kwa mama yako mdogo, Mama Majura, ulale kwake, keshokutwa upande basi la Mwanza. Najua atakavyokupokea. Atakushika mashavu aseme, "Mwanangu umekonda, huko Bugwema wanakulisha nini?" Na wewe utacheka kicheko kile ulichokipata kwake, maana kwangu hukukipata. Miaka minne umekaa kwake ukisoma Musoma. Uliondoka hapa unapika dagaa kama mimi, ukarudi unawakaanga kwa nyanya mpaka wanabadilika rangi. "Kwa mama mdogo tunafanyaga hivi." Loo! Neno hilo nimelisikia kila likizo. Siku moja ulipotoka nje nikamwaga chumvi kwenye sufuria yako makusudi. Baba yako akasema una mkono mzito wa chumvi, ukalia. Ni mimi, mwanangu. Nilikuwa nimesimama pale pale nikakuangalia unalia.

Basi mtu anayeweza kumwagia mwanawe chumvi, usishangae aliyoyafanya zamani. Ninayotaka kukuambia yanamhusu huyo huyo mama yako mdogo. Ninaogopa kwamba ukishayajua utakuwa wake kabisa, nami nibaki na daftari. Lakini ukiyasikia huko kwingine itakuwa mbaya zaidi.

Nilipoolewa kutoka Butiama, babu yako mzaa baba alikuwa bado hai. Alikuwa na mashamba mawili, na mlima huu katikati. Moja lilikuwa upande wa ziwa, kwenye mteremko unaoshukia Suguti, mawe matupu, ukipiga jembe meno yanauma. La pili ndilo hili letu la huku nyuma, tambarare, udongo mweusi, plau inakwenda toka mwanzo hadi mwisho haijasimama. Mzee akamwita baba yako kwa kuwa ndiye mkubwa. "Masatu, chagua wewe kwanza. Litakalobaki ni la mdogo wako Magesa." Baba yako unamjua, hachagui hata shati. Akaja kuniuliza jikoni.

Ilikuwa kiangazi. Mashamba yote mawili yalikuwa makavu sawasawa. Nikasema, "Chukua la nyuma. Mawe wampe Magesa." Na unajua nilifikiria nini? Nilimfikiria mke wa Magesa, huyu huyu Mama Majura. Tulikuwa tumeolewa mwaka mmoja, mke mwenzangu kwenye mji ule, na wanawake walikuwa wanasema mbele yangu kwamba yeye ni mzuri kunishinda. Nikasema moyoni, haya, uzuri huo akaulimie mawe.

Mimi mtoto wa Butiama, mwenzio. Kwetu kule juu asubuhi ukungu unakaa kwenye migomba mpaka jua lipande, na mvua ya kwanza haichelewi. Mvua nilikuwa naiona kama kitu cha wote. Kwamba mlima mmoja unaweza kuwa na upande wa mvua na upande wa kukodolea macho, nani angeniambia? Nilichagua udongo, mvua sikuiuliza.

Msimu wa kwanza tu nikaona. Wingu linatoka ziwani mchana, linakuja taratibu, linapanda mlima, linakaa juu pale ambapo hata sasa limekaa. Unaona jeusi lake. Unasikia ngurumo. Unasikia mpaka harufu ya udongo uliolowa. Unawaita watoto waingize mtama uliouanika. Halafu hakuna. Kinachoteremka kwetu ni upepo wa moto, unakausha nguo, unakausha midomo, unakunja majani ya mahindi mpaka yanalia. Kule ng'ambo wananyeshewa. Ilikuwa kama kusikia karamu nyuma ya ukuta wa jirani, na hujaitwa.

Halafu Mama Majura anavuka mlima kuja kunitembelea, na kikapu cha majani ya maboga. Alikuwa mkarimu, siwezi kumsingizia. Lakini sikuangaliaga kikapu. Niliangalia miguu. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo. Nilichukia lile tope, Nyangeta. Anakaa hapa mlangoni, anajikwangua kwa kijiti huku anaongea, vibonge vinadondoka kwenye vumbi langu, na mimi navihesabu.

Ikaja ile miaka mibaya. Wewe ulikuwa hujaanza kutembea. Sabuni kwa mgawo, tunafulia majivu. Sukari ilikuwa jina tu. Tulipanga foleni ya unga wa njano toka jogoo la kwanza, ukifika mbele unaambiwa umekwisha, njoo kesho. Na juu ya hayo mvua ikakataa huku kwetu misimu miwili mfululizo. Pamba haikuota. Mahindi yalifika magotini yakafa yamesimama. Ng'ambo hawakuwa na nyingi, lakini walikuwa nayo. Mtama wa Mama Majura ulisimama kwenye yale mawe niliyomtupia, na mihogo yake ilikuwa ya kijani kiasi cha kuudhi.

Watu wakaanza kusema kuna mtu anafunga mvua. Jumapili tunaimba kanisani, Jumatatu tunasema habari za vyungu. Wewe umesoma, utacheka, lakini walioamini walikuwa watu wazima wenye akili zao. Inasemekanaga mtu akifunika chungu kitupu mahali pa kificho, mdomo chini, mvua haivuki hapo.

Siku hiyo tulikuwa kisimani, wanawake kama wanane, tunachota tope tunaliacha litulie. Nyanjura, yule jirani wetu aliyehamia Bunda baadaye, akanigeukia. "Mama Nyangeta, wewe ndiye unayeingiaga mpaka uani kwa mwenzako. Kweli hujaona kitu?"

Nikasema, "Kuna chungu kimefunikwa nyuma ya nyumba."

Maneno sita. Nimeyahesabu miaka yote hii, hayaongezeki wala hayapungui. Na hayakuwa uongo. Hapo ndipo pananiuma, maana uongo ningekwisha kuutubu siku nyingi. Chungu kilikuwepo. Kilikuwa changu. Nilimpa mimi mwenyewe, kilikuwa kimevunjika ubavu, nikamwambia, "Mfunikie kuku wako anayeatamia, vicheche wasimmalize. Hilo tundu litakuwa mlango wake." Nilijua ndani kuna kuku. Nilijua mpaka mayai ni mangapi. Nilisema yale sita, na mengine yote nikayameza, kwa sababu ya tope la miguuni mwake.

Kesho yake wanawake wakavuka mlima na matawi mikononi, wanaimba. Mimi nilikwenda. Ningeacha kwenda wangeniuliza kwa nini. Nilijiweka nyuma kabisa, wewe ukiwa mgongoni, umelala. Walipofika wakapita moja kwa moja nyuma ya nyumba. Nyanjura akakiinua chungu. Kuku akaruka anapiga kelele, mayai yakavingirika, mengine yakapasuka. Kila mtu aliona ni kuku. Nilidhani watacheka, tutarudi nyumbani na mambo yataisha. Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka. Hakuna aliyecheka. Umetoka mbali, una njaa, umeimba mpaka sauti imekauka, halafu ukute kuku? Mmoja akakipiga kile chungu chini. Mwingine akaingia jikoni. Wakavunja vyote, cha maji, cha kupikia, cha kuhifadhia mbegu. Maji yakaenda mpaka mlangoni.

Mama Majura alisimama na mwiko mkononi. Hakulia. Alitafuta kwenye kundi, jicho likapita watu wote likanikuta. Akasema, "Mama Nyangeta, waambie."

Neno moja. Waambie. Na mimi nikainama nikakufunga vizuri mbeleko. Haikuwa imelegea. Niliifungua nikaifunga tena, nikaifungua nikaifunga, mpaka ukaamka ukaanza kulia, nikapata sababu ya kuondoka.

Sasa sikia mvua ilivyo haina haya. Siku ya nne ikanyesha huku kwetu. Ilitoka mashariki, upande wa mbugani, kubwa, bila kupitia ziwani wala mlimani. Wanawake wakapiga vigelegele. Kumbe ilikuwa masika inakuja kwa njia yake nyingine, lakini nani angesema? Ikawa ushahidi. Nilisimama kwenye mvua niliyoilia misimu miwili, nikashindwa hata kulowesha mdomo.

Wiki ile ile baba yako mdogo Magesa akaja hapa. Akamwambia baba yako, "Kaka, sisi tunahamia Buhare. Shamba la kule limeni ninyi, lisikae bure." Wakashikana mikono pale pale nilipokaa sasa. Mama Majura alikuwa barabarani na mzigo kichwani. Wanawake wakihamaga hubeba chungu, wewe unajua, hata kama ni kimoja. Yeye alikuwa na mkeka na magunia. Akanisogelea, akakutoa mgongoni mwangu, akakunusa shingoni, akakurudisha. Akashika barabara.

Baba yako amemlaumu Nyanjura miaka yote hii. Na shamba la mawe tumelilima sisi. Mtama uliokukuza ni wa kule, mwanangu, umekula mvua ya upande wa Mama Majura toka meno yako ya kwanza.

Ungedhani hapo wivu ulikwisha. Thubutu! Wao walifika Buhare hawana kitu, wakaanika dagaa, wakaishi kwenye chumba kimoja cha kupanga. Ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Magesa akapata kazi kwenye kiwanda cha samaki, mwenzangu akaanza kukaanga mapanki, ile mifupa ya samaki inayobaki kiwandani, barabarani, wateja wakajaa. Akavaa magauni ya mitumba yanayomkaa kama yameshonwa kwa ajili yake. Halafu mtu akaniletea habari kwamba uani kwake kuna bomba. Bomba! Nilimfukuza kwenye mvua, akaenda kupata bomba! Nilikaa jikoni nikacheka peke yangu kama mtu aliyepandwa na homa, halafu nikachukua ndoo nikaenda kisimani.

Ulipofaulu darasa la saba, akatuma ujumbe. "Nyangeta aje kwangu, shule iko karibu." Nikajua sasa analipiza. Nilimnyang'anya shamba, ananinyang'anya mtoto. Nilitaka kukataa ila sikuwa na sababu ya kumwambia baba yako. Unakumbuka kila nilipokusindikiza niliishia stendi? Nilikuwa nasema ng'ombe wananingoja. Ng'ombe gani? Baba yako yupo. Niliogopa kuuona ule ua. Niliogopa atanikaribisha vizuri.

Miaka minne nikangoja urudi na swali. Kila likizo nikiona unashuka kwenye gari, naangalia kwanza uso wako kama ameshakuambia. Hakukuambia. Mpaka leo hajakuambia, najua, maana wewe huwezi kuficha kitu. Na hilo nalo nimelionea wivu, ule ukimya wake. Mimi maneno sita yalinishinda kuyashika siku moja, yeye amenyamaza miaka yote na mtoto wangu yuko nyumbani mwake.

Halafu ukaja ile likizo ya kidato cha tatu. Baba yako alikuwa analalamika juu ya mvua, kama kawaida. Wewe ukachota pumba kwenye ungo, ukamwaga sakafuni, ukachora mlima wetu kwa kidole. "Baba, ona. Hapa ziwa. Upepo wa mchana unatoka ziwani umebeba mvuke. Ukifika mlimani hauna pa kupita, lazima upande. Ukipanda unapoa. Ukipoa hauwezi kubeba maji yote yale, unayamwaga hapo hapo, upande wa Suguti. Ukivuka kileleni unakuja kwetu mtupu, na ukishuka unapata joto, ndiyo maana unatukausha." Ukamalizia, "Sisi tumekaa kwenye kivuli cha mvua. Hakuna mtu anayeifunga, ni mlima tu."

Ni mlima tu. Ulisema hivyo ukapangusa mkono kwenye gauni.

Nikakufokea. "Fagia huo uchafu, watu wapate kula!" Ulinitazama kama nimekupiga. Ukafagia. Ulinuna siku mbili na ulikuwa na haki, maana ulikuwa umejifunza kitu ukaja kukigawa nyumbani, ukafokewa. Sasa unajua kwa nini.

Kesho yake nilisema nakwenda kutafuta kuni, nikapanda mlima. Miaka yote nimeuvuka kwa njia ya chini ya Suguti, kichwa chini, jembe begani, sikuwahi kusimama juu kabisa. Nilipanda kwa upande wetu saa tano hivi, jua linachoma, nyasi zinavunjika miguuni, hakuna hata inzi. Nilipofika kwenye mgongo wa mlima upepo ukanipiga kifuani, kanga ikataka kunitoka. Upepo wa baridi, una harufu ya ziwa. Chini kule Suguti kila kitu kijani, na ziwa linang'aa mpaka mwisho wa macho. Na juu ya kichwa changu, mwanangu, wingu lilikuwa linatengenezwa. Sisemi linapita. Mahali palipokuwa peupe panakuwa na moshi, moshi unakuwa wingu, wingu linanenepa. Rasharasha zikaanza kunidondokea usoni. Nikarudi nyuma hatua kama ishirini upande wetu, kukavu. Nikaenda mbele, nalowa. Nilikwenda na kurudi, nikaenda na kurudi, mtu angeniona angesema Mama Nyangeta amerukwa na akili.

Ni mlima tu. Hakuna chungu duniani kinachoweza kufanya vile. Na mimi ndiye niliyechagua upande. Mzee aliniwekea mashamba yote mawili mbele, nikachagua la nyuma kwa kijicho, halafu kwa kijicho hicho hicho nikamlaumu aliyepewa makombo yangu. Nikakaa juu pale kwenye jiwe nikalia mpaka nikalowa pande zote. Nilirudi bila kuni, na wewe ukaniuliza kuni ziko wapi, nikasema mti ulikuwa mbichi.

Sasa unakwenda kusomea hayo hayo. Umenieleza kwamba watawafundisha kupima mvua kwa chombo, kila asubuhi mnaandika imenyesha kiasi gani. Nimefurahi, na nimeona wivu pia, si nimeshakuambia? Ningependa na mimi ningejua mapema kwamba mvua inapimika. Mimi nilikuwa naipima kwa miguu ya mwenzangu. Redio hii yetu inasemaga mkoa wa Mara utapata mvua. Mara ipi? Butiama wanapanda, Bunda milima imevaa mawingu, Musoma mjini upepo tu na vumbi, na sisi huku nyuma tumekaa na majembe yetu tunamsikiliza mtangazaji. Siku utakayokuwa wewe ndiye unayeandika, na mahali fulani ukaandika sifuri, usigeuze ukurasa haraka. Pale kwenye sifuri kuna mwanamke amesimama mlangoni anaangalia ng'ambo kunakonyesha. Kama kuna namna ya kumwambia ni mlima, mwambie mapema, kabla hajaulizwa swali kisimani.

Siwezi kukuambia usiwe na wivu. Una damu yangu, nimekuona ulivyomwangalia Majura alipopewa saa. Ukikujia, usiuogope sana. Ila ukiwa nao mdomoni, siku hiyo usiwe wa kwanza kusema. Mimi ningenyamaza kwa muda wa kunywa kata moja ya maji, leo baba yako angekuwa na ndugu yake jirani.

Baba yako nimemwambia. Jana jioni, baada ya kushindwa kukuambia nikaishia kwenye sketi, nikamfuata zizini. Nilimwambia yote, ya kisimani na ya mbeleko. Alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua. Baadaye akauliza, "Kile chungu kilikuwa chako?" Nikasema ndiyo. "Na ulijua ni kuku?" Nikasema nilijua. Akabeba maziwa akaingia ndani, hakula, ulimwona hakula, ukadhani anahuzunikia safari yako. Leo asubuhi ulipoondoka kwenda Butiama alinisemesha mara moja tu. "Usimtume mtoto. Nenda mwenyewe."

Kwa hiyo nakwenda mwenyewe. Nimenunua chungu kipya cha maji, kikubwa, kwa wafinyanzi, nimekificha nyuma ya magunia. Mchana huu nimekuta karibu yake kuna tenga, ndani kuna tetea mweusi, yule anayetaga vizuri. Baba yako hajasema ni wa nani.

Lori la pamba linapita alfajiri kwenda Musoma, nimeshaongea na dereva. Ukiamka kesho utakuta barua hii juu ya sanduku lako na uji jikoni, mimi nitakuwa nimekwisha ondoka. Wewe na baba yako mtakuja na gari la saa nne kama mlivyopanga. Nataka nifike kabla yako. Sitaki kusimama mbele yake nimejificha nyuma ya mtoto mara ya pili, wakati ule ulikuwa mgongoni, sasa umenizidi urefu. Nitamwambia kile alichoniomba niwaambie. Wale wa kuwaambia wametawanyika, wengine wamekufa, lakini atasikia yeye, na Magesa, na majirani zake wa pale bombani kama watakuwepo. Sitaongea polepole.

Sijui atafanya nini. Ana haki ya kukipiga chini hicho chungu na mimi nikiwa nimesimama. Kwa hiyo mkifika Buhare, angalia kwanza nimekaa wapi. Ukinikuta uani kwake, vizuri. Ukinikuta barabarani nimekaa juu ya mzigo wangu, usimkasirikie, na usiniingize kwa nguvu kwa ajili ya machozi. Nitawangoja hapo, nirudi na baba yako jioni.

Lakini vyovyote iwavyo, ukishuka kwenye gari usinikimbilie mimi. Nitataka unikimbilie, nitakuwa nimekutazamia barabara nzima. Pita, ingia ndani, umsalimie yeye kwanza. Nitaona wivu, na nitanyamaza.

Mama yako.